Someni hata Kitabu cha Hesabu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hutufikia hapa Busia, upande wa Uganda, likiwa limechelewa. Huja na makondakta na akina mama wa nyanya wanaovuka mpaka asubuhi, na likishazunguka mikononi mwa watu huishia kufungia vitumbua. Kabla halijafika kwenye vitumbua, mimi hulisoma. Ndivyo nilivyoiona barua ya msomaji mmoja aliyesema kwamba Mkristo wa siku hizi hana haja ya kujisumbua na Biblia kila siku. Mahubiri yako redioni tangu alfajiri, alisema, simu inamletea mtu aya yake hata kabla hajanawa uso, na yaliyobaki mchungaji atayafafanua Jumapili. Aliandika kwa adabu, na si yote aliyosema ni uongo. Nimengoja kuona nani atamjibu, sikumwona. Basi niruhusu mimi.

Ni fundi cherehani. Nina kibanda mtaa wa Sofia, nashona sare za shule, gomesi (lile gauni refu la wanawake wa Uganda), na kupunguza suruali za mitumba ziwaenee watu wa huku. Nina wasichana ninaowafundisha kazi, na mlangoni kwangu yuko mama mmoja Mkatoliki anayeuza uzi, zipu na vifungo. Mchana cherehani hunyamaza, ukawa wakati wa kazi za mkono: kukunja mapindo, kukaza vifungo, kufumua mishono iliyokwenda upande. Kazi ya namna hiyo hushika vidole ikayaacha masikio huru. Mmoja wetu anaweka sindano chini, anachukua Biblia, anatusomea sura mbili tatu kwa sauti. Kesho anasoma mwingine, kuanzia pale tulipoweka kipande cha kitambaa. Hakuna kuchagua. Tukifika penye vita tunasoma vita, tukifika penye majina ya watu mia tunayasoma yote, hata yanayovunja ulimi.

Hapo kwenye kutochagua ndipo ninapoachana na ndugu yetu. Aya inayoingia katika simu yake kila asubuhi imechaguliwa na mtu. Mhubiri wa redioni naye amechagua. Sisemi wamechagua vibaya, lakini wamechagua wao, na mtu anayelishwa vilivyochaguliwa tu hajui ni vingapi vilivyobaki jikoni.

Nitoe mfano. Mwaka jana tulikuwa katika kitabu cha Hesabu. Sijapata kusikia mtu akisema ameokoka kwa kusoma Hesabu, na wasichana wangu walikuwa wamekwisha kuanza kuniuliza kwa upole kama hatuwezi kurukia Zaburi. Siku hiyo zamu iliangukia sura ya 26, ile ya kuhesabu watu kabila kwa kabila. Alikuwapo mteja wangu mmoja, mjane, amekaa akingoja gomesi yake itiwe vifungo. Mumewe alimwachia shamba na mabinti watupu, hana mtoto wa kiume, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kumwambia katika kikao cha ukoo kwamba ardhi ni ya wanaume, kwamba hata kitabu cha Mungu kinasema hivyo. Msichana akasoma majina, akapiga miayo, akasoma majina tena. Katikati ya orodha kuna mstari mmoja unaosema kwamba Selofehadi hakuwa na wana ila binti, na unawataja binti hao kwa majina. Tukaupita kama tulivyoyapita mengine.

Sura ya 27 ikaanza nao. Binti watano wanakwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Wanasema baba yetu amekufa, hakuwa na mwana, kwa nini jina lake lifutike? Tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Musa hakujibu papo kwa papo kama wazee wanaolijua kila jambo. Aliipeleka kesi yao kwa Mungu, na Mungu akasema binti hao wana haki. Si hivyo tu, ikafanywa kuwa amri kwa Israeli yote.

Yule mama aliomba isomwe tena. Ikasomwa. Akauliza ni ukurasa wa ngapi. Akataka kuondoka na Biblia yangu saa ile ile aende nayo kwa shemeji zake, na gomesi akaisahau.

Nikamwambia, mama, ngoja kwanza, kitabu hakijaisha. Niliwahi kukisoma zamani na nilijua kilichoko mbele. Sura ya 36, ya mwisho kabisa, inawaleta wazee wa ukoo ule ule wakiwa na hoja yao. Hawa binti wakiolewa na kabila lingine, ardhi ya kabila letu itakwenda wapi? Na hoja yao nayo ilisikilizwa. Binti wakaamriwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao, wakaolewa na wana wa baba zao wadogo. Siku tulipofika hapo mama yule alikuja akakaa, akasikiliza kwa uso uliokunjamana. Haikuwa habari aliyoitaka. Lakini alipokwenda kwenye kikao alikwenda na sura zote mbili, na mzee mmoja aliyedhani atamkamata kwa ile ya pili alimkuta ameitaja mwenyewe kabla yake. Shauri lao halijaisha hadi leo ninapoandika. Sheria ya Uganda nayo ina maneno yake juu ya mirathi, na ilirekebishwa mwaka 2022. Hayo nimewaachia wanaoyajua.

Sasa ningependa yule ndugu aniambie ni simu gani ingemletea mjane huyo Hesabu 27. Na kama ingemletea, ingemletea na 36? Anayetuma picha za maua zenye aya angeishia pale penye utamu. Kusoma kwa mfululizo kumempa huyu mama kitu, kisha kukamwekea mpaka juu ya kitu hicho hicho, na mimi nasema hiyo ni heshima. Kitabu kilimtendea kama mtu mzima.

Mhariri, kuna aya mbili ambazo huku kwetu, na nadhani hata huko kwenu, kila mtu anazijua kwa sababu zinapigwa kama ngoma. Moja ni "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Ukiuliza zilikokwenda fedha za mabati ya kanisa, unaambiwa usimguse masihi wa Bwana. Fungua Zaburi ya 105 usome kuanzia juu. Mistari ile inamzungumzia Abrahamu na Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni katika nchi, wakihama taifa hata taifa, na walioonywa wasiwaguse ni wafalme. Ni neno la kumlinda mnyonge asiye na kwao dhidi ya mwenye nguvu. Limegeuzwaje kuwa ngao ya mwenye gari kubwa dhidi ya mama anayeuza dagaa? Limegeuzwa kwa sababu mama huyo amesikia mstari wa 15 mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na wa 12 hajausikia hata mara moja.

Ya pili ni Malaki 3, leteni zaka kamili ghalani. Sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe natoa. Lakini Malaki ni kitabu kifupi, sura nne tu, kinaisha kabla pasi ya mkaa haijapata moto vizuri. Msomaji akianzia mwanzo atakuta kwamba kabla waumini hawajaulizwa habari ya zaka, sura ya 2 imefunguliwa kwa maneno makali juu ya makuhani wenyewe, walioiacha njia na kuwakwaza wengi katika sheria. Nimekaa kanisani tangu utoto na sijawahi kusikia michango ikitangazwa kwa Malaki 2.

Waberoya walimsikiliza Paulo mwenyewe, si mhubiri wa mtaani, na bado kila siku waliyachunguza maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Kitabu cha Matendo hakiwalaumu kwa utovu wa adabu. Kinawaita waungwana.

Uganda tuna sababu ya kulishika jambo hili kwa uzito. Tarehe 17 Machi 2000 wafuasi wa kundi moja la dini waliteketea kanisani Kanungu, na hesabu ilipofanywa walikuwa mamia. Wenzetu wa Kenya wana Shakahola, msitu wa wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga kula hadi kufa, ambako kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Sitaki kusema kwamba waliokufa hawakuwa wakisoma. Kundi la Kanungu lilikuwa na kitabu chake lenyewe kilichopigwa chapa, na wafuasi walikijua. Lakini maisha yao yalipangwa hata mazungumzo yakawa ya ishara za mikono, na kwa ishara za mikono mtu atamuulizaje kiongozi wake maana ya sura aliyosoma? Kwa hiyo ninaposema kusoma, sisemi mtu ajifungie chumbani na kitabu alichopewa na bwana mmoja. Nasema kusoma Biblia yote, mbele ya wengine, penye ruhusa ya kuuliza. Kibandani kwangu maswali huja hata yasiyo na jibu. Tulipofika Walawi 19, panapokataza vazi la nyuzi za namna mbili, msichana mmoja aliinua shati la sare lililokuwa mapajani mwake, pamba na poliesta, akaniuliza: "Mama Fundi, sasa hii tuifumue?" Tulicheka. Kisha tulibishana hadi jioni, na mama wa vifungo akamuuliza padri wake, naye alituletea jibu ambalo sikuridhika nalo sana.

Kuna watu wanaodhani kusoma ni mambo ya wenye shahada. Hapa Uganda historia inasema vingine. Mmisionari Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 na mitambo yake midogo ya kupigia chapa, na mapadri Wafaransa wakafuata mwaka 1879, vijana wa ikulu walianza kujifunza kwa vikaratasi vya silabi. Imani na kusoma viliingia kwa mlango mmoja, hata waumini wakaitwa wasomaji. Luganda ilikuwa haijapata kitabu bado, kwa hiyo walianza na maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Unguja. Nalisema hili kwa makusudi, maana katika nchi yangu wako wengi wa rika langu ambao kwao Kiswahili ni lugha ya vizuizi vya barabarani na askari anayekuamuru ulale chini. Mimi nimezaliwa katika kambi ya jeshi Jinja na siwezi kuwalaumu. Lakini kabla ya kuwa lugha ya amri, kilikuwa lugha ya Injili mikononi mwa vijana hao wa ikulu. Biblia nzima ya Luganda ilitoka mwaka 1896, nene lakini yenye upana mdogo, kama tofali, imepimwa iingie katika bati la biskuti ili mchwa wasiile. Watu walionunua kitabu na bati lake walikusudia kukisoma miaka mingi.

Na yuko Hannington, askofu wa Kianglikana. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, baada ya kuzuiliwa siku kadhaa kwa chifu Luba. Kyando, mahali anapokumbukwa, pako Mayuge, si mbali na njia ya magari yaendayo Jinja kutoka kwetu. Shajara yake ilisalimika. Siku ile ya mwisho aliandika kwamba usiku fisi alilia karibu naye, akinusa harufu ya mgonjwa, na kwamba Zaburi ya 30 ilikuwa imemjia kwa nguvu ikamshikilia. Zaburi hiyo simu zote zinaijua kwa mstari wa 5, wa kilio kukaa usiku na furaha kuja asubuhi. Lakini isome yote. Mstari wa 9 mtu anamuuliza Mungu kuna faida gani katika damu yake akishuka shimoni. Hannington alikuwa na mistari yote miwili siku hiyo, si ule wa 5 peke yake. Mara nyingi nimejiuliza ule mstari mmoja mtamu ungemfaa nini, mle ndani, na fisi nje.

Ndugu yetu alitaja kuchoka, na hapo nampa mkono. Januari na mapema Februari, wazazi wakikumbuka wote kwa pamoja kwamba shule zinafunguliwa, sisi tunasoma zaburi moja, fupi, tena wakati mwingine ile ya 117 yenye mistari miwili. Siku za mazishi hatusomi. Mungu hana daftari la mahudhurio, na sipendi wanaojisifu kwamba hawajakosa siku hata moja. Namjua mtu asiyekosa ambaye ukinunua kwake mita tatu za kitambaa, fika nyumbani upime.

Alitaja pia wasiojua kusoma. Mmoja wa wasichana wangu alikuja kwangu akisoma kwa shida sana, silabi kwa silabi, na zamu yake hatukumruka. Sura moja ilituchukua muda wa sura tatu, na hakuna aliyekufa. Na wale wasiojua kabisa wanasikiliza, kama Ufunuo unavyomhesabia heri asomaye pamoja na wanaosikia. Nakala ni moja, masikio ni mengi. Hata simu ninayoisema vibaya si adui: Biblia ukishaipakua inafunguka bila bando, na mama wa vifungo anatumia yake kufuatilia, ila ni lazima aizime sauti maana wateja wake wanapiga kila dakika.

Kuhusu uchovu wa sehemu kavu, nina siri ya ufundi. Kutoka 28 watu huiruka, mavazi ya kuhani, nyuzi na rangi. Mimi ndipo nilipokaa wima. Mstari wa 32 unaagiza tundu la kichwa litiwe utepe wa kusuka kulizunguka ili lisipasuke, na kila fundi aliyewahi kurudishiwa gauni lililochanika shingoni anajua kwamba aliyeagiza hivyo anaijua kazi. Katika Samweli wa kwanza, Hana anamshonea mwanawe Samweli, anayekaa hekaluni, kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Ni lazima kila mwaka aliiongeza kipimo bila kumwona mtoto, kwa kukisia. Nimeshona sare za watoto walioko bweni kwa kukisia namna hiyo, mama yao ananionyesha urefu kwa kiganja hewani. Hakuna mhubiri aliyenipa mstari huo. Naamini mkulima ana yake, mvuvi wa Majanji ana yake, na dereva wa malori sijui, labda magari ya farao. Kila mtu ana mahali anapongojwa mle ndani, na hatafika hapo kwa kuletewa.

Jirani yangu wa pili ni Mwislamu, anauza viatu. Ramadhani ikiingia husoma juzuu moja kila siku, thelathini kwa mwezi, amekaa katikati ya ndala na raba zake. Hakuna anayemwambia kwamba redio inatosha.

Nimalizie na ombi, Mhariri. Ukurasa wako wa michezo unatupa ratiba ya mechi za Uingereza wiki baada ya wiki, na wanaume wa Sofia wanaikariri. Tupe mistari miwili ya ratiba ya kusoma. Anza na Marko, ana sura 16, sura moja kwa siku inaisha kabla ya wiki tatu, na hapo Mkatoliki na Mwanglikana na Mlokole hawana la kugombania. Kisha tupeleke Ruthu, sura nne. Hesabu weka baadaye, lakini iweke. Kama nafasi ni finyu, mwombe yule anayeandika utabiri wa nyota asogee kidogo.

Mama Fundi,
Sofia, Busia, Uganda